Beseni chini ya kitanda: Begi la uzazi lisisubiri uchungu uanze

Beseni jipya la plastiki likionekana chini ya kitanda cha mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, mgeni wa Bukiriro haulizi ni la nini. Ndani kuna vitenge, kipande cha sabuni, pamba, glovu na mpira wa kulalia. Kwa kawaida havinunuliwi siku moja. Leo nyembe, gulio lijalo glovu, kadiri fedha ya maharage au kahawa inavyoingia.

Zipo pia nyumba ambazo hadi siku ya uchungu hakuna hata soksi ya mtoto. Si wote wanaokosa fedha. Wapo wanaoamini kwamba kumnunulia nguo mtoto ambaye hajazaliwa ni kumwitia balaa, na mama mkwe akishalisema hilo, mkamwana ana kazi kubisha. Kuna njia ya katikati isiyomgombanisha mtu na wakwe: vitu vya mama na vya kuzalia vinunuliwe mapema, nguo za mtoto ziazimwe kwa dada au wifi aliyejifungua mwaka uliopita, zifuliwe, zianikwe juani na kukunjwa. Mwiko unabaki mahali pake na mtoto anapata kofia.

Na kofia hiyo si urembo. Ngara iko kwenye miinuko, mpakani na Rwanda na Burundi, na baridi ya alfajiri huko haihitaji kuelezwa. Mtoto anatoka amelowa, na mtoto aliyelowa hupoteza joto haraka mno. Ndiyo maana vitenge au kanga safi havitoshi vikiwa kimoja. Cha kwanza ni cha kumkaushia, kisha kinawekwa kando kwa sababu kimelowa. Cha pili ni cha kumfunika akiwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anaponyonya ndani ya saa ya kwanza. Cha tatu anavaa mama. Wanaokimbilia kumwogesha mtoto wakumbuke kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri kuogesha kusubiri saa 24. Maji ya moto kwenye chupa ya chai ni ya uji wa mzazi kwanza.

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote hakiuzwi dukani. Ni kadi ya kliniki. Humo mna kundi la damu, wingi wa damu, shinikizo la damu, majibu ya vipimo vya maambukizi na historia ya uzazi uliopita. Mama akifika bila kadi, mhudumu anaanza upya kuuliza na kupima, na huenda muda huo haupo. Kama mimba iliyopita ilizaliwa kwa upasuaji, ni kadi itakayosema pale mama asipoweza kusema. Iwekwe kwenye mfuko usioingia maji, maana safari ya pikipiki wakati wa masika haina huruma na karatasi.

Namna ya kupanga nayo ina maana yake. Mara nyingi msindikizaji hubaki nje ya chumba cha kujifungulia, na begi linabaki naye. Mkunga akihitaji glovu, kunaanza kufukua: sweta, ndala, sufuria, na glovu ziko chini kabisa. Ni bora kuwa na mifuko miwili. Mmoja mdogo wa kuingia nao mama: kadi, glovu, mpira, pamba, vibanio au uzi safi wa kitovu, wembe mpya ambao haujafunguliwa, vitenge na kofia. Mwingine wa kubaki na msindikizaji: nguo za kubadili, chupi, pedi au vitambaa safi, sabuni, mswaki, sahani, kikombe, unga wa uji, tochi na chaja ya simu. Msindikizaji aoneshwe kila kitu kilipo wakati bado watu wanacheka, kabla uchungu haujaanza.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Sera ya Serikali inasema huduma za mjamzito katika vituo vya umma ni bure. Hata hivyo, wanawake katika sehemu nyingi nchini wameendelea kuelezwa kuja na vifaa vyao, kwa sababu bohari ya kituo inaweza kuwa na dawa leo na kesho ikakosa glovu. Mjadala huo una wenyewe, na wajawazito wana haki ya kuuliza kliniki, mapema, kituo chao kina nini na kinakosa nini. Lakini kinachotisha ni mama anayekaa nyumbani na uchungu kwa kuona aibu ya kwenda bila beseni. Beseni linaweza kuazimwa baadaye. Damu inayotoka nyingi baada ya kujifungua, ambayo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi, haisubiri mtu atoke dukani.

Takwimu zinaonesha kwamba kwenda kituoni kumekuwa jambo la kawaida zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta asilimia 81 ya waliojifungua walijifungulia kwenye vituo vya afya, kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015/16. Vifo vya wazazi vilikadiriwa kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556. Waliobaki katika hesabu hiyo bado ni wake za watu na mama za watoto.

Kwa hiyo begi halijakamilika kama haijulikani litabebwa na nini. Wenye mimba ya kwanza, mapacha, waliowahi kupasuliwa au waliozaa mara nyingi hushauriwa kujifungulia hospitali badala ya zahanati. Kwa Ngara hiyo maana yake ni Murgwanza, Nyamiaga au Rulenge, na kwa wa upande wa Biharamulo ni hospitali ya huko. Anayekaa mbali anaweza kuuliza kama kuna nyumba ya mama ngojea, aende siku chache kabla. Namba ya dereva wa bodaboda iandikwe, na ya pili pia, maana wa kwanza anaweza kuwa harusini. Dharura ikitokea ipo namba 115, ya bure, ya mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Anayepokea simu huuliza hali ya mgonjwa, kisha huelekeza gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyesajiliwa pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu.

Baba naye ana fungu lake, na si fedha peke yake. Ndugu wawili wanaoweza kutoa damu wanatafutwa na nani? Watoto wanaobaki watalala kwa nani, ng'ombe au mbuzi atakatiwa majani na nani? Mama asiyejua majibu hayo huchelewa kuondoka akisema ngoja kwanza nipike.

Kipo pia kisichotakiwa kuingia begini: kichupa cha dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu. Hutolewa kwa upendo, mara nyingi na bibi anayeona mkunga anachelewesha. Kizazi kikisukumwa kwa nguvu isiyopimwa kinaweza kupasuka, na hapo mama na mtoto wote wako hatarini. Kama imeshanywewa, mkunga aambiwe bila kuficha, hata kama mwenye kuitoa amesimama mlangoni.

Muda mzuri wa kufunga begi ni mwezi wa nane kuanza, kwa kuwa wapo watoto wasiofuata tarehe ya kadi. Damu ikitoka, chupa ikipasuka, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto akiacha kucheza, safari ni saa hiyo hiyo, begi liwe limejaa au la.

Siku ya kurudi nyumbani, kabla ya kupanda pikipiki, msindikizaji ahakikishe mfuko wa kadi umeongezewa karatasi moja: tangazo la kizazi, lenye majina ya wazazi yaliyoandikwa sawasawa. Ndiyo itakayotumika kuombea cheti cha kuzaliwa.