Kikohozi Kina Kazi: Namna Njia za Hewa Zinavyosafisha Mapafu

Mtu mzima huvuta takriban lita 10,000 za hewa kwa siku. Pamoja na hewa hiyo huingia vumbi, moshi na vijidudu. Hata hivyo, mapafu ya mtu mwenye afya hubaki safi kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa njia za hewa hujisafisha usiku na mchana.

Usafi huanzia puani. Nywele na kuta zenye unyevu hunasa chembe kubwa, na chafya huzitoa nje. Chembe zinazopenya hunatia kwenye ute uliotanda ndani ya mirija ya hewa. Seli za mirija hiyo zina vijinywele visivyoonekana kwa macho, takriban 200 kwa kila seli, vinavyopiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde kuelekea kooni. Ute hupandishwa pamoja na uchafu wake, nasi huumeza pasipo kujua. Unapozidi, kikohozi huutoa kwa nguvu.

Vifuko vya hewa, vilivyo mwisho wa mirija, havina vijinywele. Huko seli za kinga humeza chembe ndogo zilizosalia. Bakteria wa kifua kikuu, hata hivyo, huweza kuishi ndani ya seli hizohizo.

Moshi wa sigara hudhoofisha vijinywele na kuongeza ute. Hapo kikohozi hubaki kuwa msaada mkuu. Ndiyo sababu wavutaji wengi huamka wakikohoa makohozi. Moshi wa kuni katika jiko lisilopitisha hewa nao hudhuru mapafu.

Kwa hiyo, mgonjwa asikimbilie dawa ya kunyamazisha kikohozi chenye makohozi kabla ya kujua chanzo chake. Kikohozi kikidumu wiki 2 au zaidi, au kikiambatana na damu, homa, jasho la usiku au kupungua uzito, afike kituo cha afya apimwe kifua kikuu.

Mhudumu wa afya naye amkumbuke mgonjwa aliyepasuliwa tumbo, anayezuia kikohozi kwa kuogopa maumivu. Ute ukituama, nimonia hunyemelea. Atulizwe maumivu, aketishwe, avute pumzi ndefu, kisha akohoe akiwa ameukumbatia mto juu ya kidonda.