Mapigo 153 ya Mzee Morgan

Niliisoma namba hiyo mara moja, nikaipita, kisha nikarudi kuitazama vizuri: 153. Hayo ni mapigo ya moyo kwa dakika ya Richard Morgan wa Cork, Ireland, akiwa na miaka 92, siku alipovuta mita 2,000 kwenye mashine ya kupigia makasia mbele ya watafiti.

Kanuni tuliyoizoea, 220 toa umri, inasema moyo wake ungekomea 128. Ameipita kwa mapigo 25.

Tena si mzee aliyekulia michezoni. Alikuwa mwokaji mikate, baadaye mtengeneza betri, na magoti yanamsumbua. Alipofika miaka 73 alimfuata mjukuu wake, mpiga makasia wa chuo, mazoezini, na kocha akamkaribisha ajaribu mashine. Mwenyewe husimulia kwamba alianza bila chochote, ghafla akagundua kuwa jambo hili lina raha. Akatwaa ubingwa wa dunia wa makasia ya ndani mara 4.

Kilichonishika zaidi ni anavyofanya mazoezi. Yuko bandani nyuma ya nyumba, anavuta kama dakika 40 kwa siku, kilomita 30 hivi kwa wiki. Asilimia 70 ya kazi hiyo ni ya pole, mwendo ambao pumzi haimkatiki. Asilimia 20 ni nzito lakini inavumilika. Ile 10 iliyobaki ndiyo ya kujikamua mpaka karibu ashindwe. Siku mbili tatu za wiki anashika vyuma vya mkono, anarudia mpaka misuli ikatae.

Kwa kawaida, kadiri miaka inavyosonga, mapigo ya juu kabisa hushuka, na mazoezi hayayarudishi. Yanachoongeza ni damu inayosukumwa kwa kila pigo. Ndiyo maana 153 yake inanisumbua. Je, moyo ule ulikuwa na kasi hiyo tangu enzi za kukanda unga, au ni miaka 19 ya kuvuta makasia iliyoulinda? Na wale wazee wanaopunguza kasi kila mara saa yao ya kupima mapigo inaposoma namba ya kanuni, wanatii kikomo cha nani? Mzee Morgan angeitii hiyo 128, ile asilimia 10 ya kujikamua asingeigusa kamwe.