Trela Bapa: Zana Zimpasazo Dereva Mgeni



Kazi ya malori makubwa imekuwa mlango wa riziki kwa wengi wa jamii zetu hapa Marekani. Aghalabu dereva huanza na trela ya boksi, ambayo mzigo hufungiwa ndani na mlango ukatiwa kufuli. Baadaye baadhi yao huhamia kwenye trela bapa, ile isiyo na kuta wala paa, ichukuayo mbao, vyuma, mabomba na mitambo. Tumeona ni wajibu kuwaeleza wao na jamaa zao zana zinazohitajika, kwani huko dereva si mwendeshaji tu, bali ni mfungaji pia. Mzigo ni amana yake, na roho za watu walio nyuma yake barabarani ni amana kubwa zaidi.

Hesabu ya vifungio

Kanuni za serikali kuu zinazotumika tangu tarehe 1 Januari 2004 zataka jumla ya nguvu ya vifungio isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Nguvu hiyo si ile ya kukatika, bali ni kiwango cha kazi kilichoandikwa kwenye mkanda au mnyororo wenyewe. Urefu nao una hesabu yake: mzigo mrefu usiozuiwa kwa mbele hufungwa vifungio viwili kwa futi 10 za mwanzo, kisha kimoja kwa kila futi 10 zinazozidi, au sehemu yake.

Tuchukue mfano wa boriti moja ya chuma yenye ratili 40,000 na urefu wa futi 40. Mnyororo wa daraja la 70 wenye unene wa inchi 3/8 una kiwango cha ratili 6,600. Minyororo minne ipitayo juu ya mzigo yatosha kwa uzito, lakini urefu wadai mitano. Basi hufungwa mitano, na mwenye busara huongeza wa sita.

Zana zenyewe

Kwanza ni mikanda ya inchi 4, ambayo kwa kawaida ina kiwango cha ratili 5,400. Hufaa kwa mbao na mizigo isiyo na ncha kali. Mkanda uliochanika usirudishwe kazini kwa kuonea fedha huruma.

Pili ni minyororo na vikazio vyake. Kuna kikazio cha wenzo na kikazio cha meno. Cha wenzo huweza kufyatuka ghafla na kuvunja mkono au taya. Kwa mgeni twapendekeza cha meno.

Tatu ni vikingio vya kona. Vyagharimu kidogo, lakini bila ya hivyo ukingo wa chuma huukata mkanda njiani kama kisu. Sheria yavilazimisha popote kifungio kinapoweza kukatwa au kusuguliwa.

Nne ni maturubai na mipira ya kuyafungia. Ya mbao huteremka ubavuni kama futi 8, na ya vyuma kama futi 4. Turubai moja kubwa laweza kuwa zito kuliko gunia la saruji. Si aibu kuomba winchi ya kiwandani ilipandishe.

Tano ni mtaimbo wa kukazia mikanda, vipande vya mbao vya kuegemezea mzigo, na bendera nyekundu za inchi 18 kwa 18 kwa mzigo uliochomoza zaidi ya futi 4 kwa nyuma au inchi 4 ubavuni.

Mwili kwanza

Kofia ngumu, fulana ya kung'aa, miwani, glavu na buti zenye chuma mbele si mapambo. Viwanda vingi havimruhusu dereva kuingia bila ya hivyo. Awe pia na ngazi. Kitanda cha trela chenyewe kiko karibu futi 5 kutoka ardhini, na mzigo uko juu zaidi. Aangukaye hapo, hasa turubai likiwa limelowa au lina barafu, huenda asiinuke tena.

Nani alipe?

Zana hizi zote kwa pamoja hugharimu fedha nyingi. Kabla ya kutia saini, dereva aulize: je, kampuni yatoa zana, au yazikata katika mshahara? Zikipotea, nani atalipa? Majibu yawe kwa maandishi, na mtu ajuaye Kiingereza vizuri ausome mkataba pamoja naye.

Ukaguzi njiani

Vifungio hulegea kadiri mzigo unavyotulia. Sheria yataka vikaguliwe kabla ya kuondoka, tena ndani ya maili 50 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 3 au maili 150, lolote litanguliale. Dereva asimamaye kwa ajili ya sala na autumie wasaa huo kuizunguka trela yake na kukaza kilicholegea.

Kila mtoto wa madrasa amefundishwa kwamba ngamia hufungwa kwanza, kisha mja akatawakali. Kwa dereva wa trela bapa, mafundisho hayo si mfano tena. Ni kazi ya kila asubuhi. Mwenyezi Mungu awarejeshe salama kwa watoto wao. Amin.