Ruzuku ya Gunia na Ng'ombe wa Kajiado (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwamba ruzuku ni fungu la bei ambalo serikali humlipia mkulima kutoka kwa kodi ya wote. Leo tuifuate hadi Kajiado, kaunti inayoanzia kwenye foleni za matatu za Ongata Rongai na Kitengela na kuishia mpakani mwa Tanzania, miguuni mwa Kilimanjaro.

Mkulima wa Kenya hapewi noti mkononi, bali hupunguziwa bei ya mbolea. Septemba 2022 gunia la kilo 50, ambalo madukani lilikuwa limepita Sh6,000, lilitangazwa kuuzwa kwa Sh3,500. Mwaka 2023 likashushwa hadi Sh2,500. Mkulima huandikishwa mashinani kupitia ofisi ya chifu. Msimu ukikaribia hupokea ujumbe wa simu unaomwambia magunia anayostahili, kisha huenda na kitambulisho kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB. Mwaka 2024 baadhi ya magunia yalibainika kuwa na mbolea duni, na waliopanda kwayo walipata hasara. Hilo ni kosa zito.

Lakini hata mbolea ikiwa safi, magunia hukadiriwa kwa ekari zinazolimwa. Anayepanda mahindi, maharagwe au nyanya Loitokitok hunufaika, na mwenye robo ekari ya sukuma wiki Kitengela hupata chake. Mfugaji wa Mashuuru au Magadi, ambaye mali yake yote inatembea kwa miguu minne, gunia hilo halimsaidii lolote.

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulipitisha misimu mitano ya mvua bila mvua ya maana. Mizoga ilitapakaa mbugani. Serikali ilinunua mifugo iliyodhoofika kupitia Kenya Meat Commission, iliyoko Athi River, jirani na Kitengela. Ulikuwa msaada wa kweli, ila wakati wake ulikuwa umepita: mkulima husaidiwa kabla ya kupanda, mfugaji husaidiwa mnyama akiwa amekwisha kukonda.

Njia nyingine imewahi kujaribiwa papa hapa. Kuanzia mwaka 2000, mpango wa hifadhi, usio wa serikali, uliwalipa wenye ardhi wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, takriban dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua, nyumbu na punda milia wapate kupita. Malipo yalitolewa kwa awamu tatu, yakiendana na mihula ya shule, na familia nyingi ziliyatumia kulipa karo. Kasoro yake ni kwamba mwenye ekari nyingi ndiye aliyepata zaidi, na dola 4 haziwezi kushindana na bei ya ploti. Hata hivyo mpango ule uliyahesabu malisho kuwa kitu chenye thamani, kama Umoja wa Ulaya unavyowalipa wakulima wake kwa hekta, nyanda za malisho zikiwemo.

Kwa maoni yangu, Kajiado inahitaji ruzuku ya nyasi kavu, chanjo na maji ya mifugo, itolewe kabla ya kiangazi. Sheria inataka wananchi wasikizwe kabla ya bajeti ya kaunti kupitishwa. Mfugaji unayesoma haya, kikao kikiitishwa katika wadi yako, nenda ukaidai ruzuku hiyo, na uhakikishe imeandikwa.