Anayejua Jibu Asiulize Swali

Vitabu vingi vya utangulizi wa saikolojia huisimulia mikondo yake ya mwanzo kama orodha ya watawala: alianza Wilhelm Wundt, akafuata Edward Titchener na umuundo wake, William James akaleta fikra zilizozaa uamilifu, kisha John Watson akawapindua wote. Mwanafunzi hukariri majina na miaka, hufanya mtihani, husahau. Kinachopotea ni sababu ya mapinduzi yenyewe. Mikondo hiyo haikuangushana kwa kuwa mmoja ulikuwa na wazo tamu kuliko mwingine kuhusu akili ya mwanadamu. Ilisimama au kuanguka kwa jambo dogo zaidi, karibu la kikarani: mtafiti akikosea, yupo mtu mwingine awezaye kumbaini?

Wundt alilijua swali hilo. Maabara yake ya Leipzig, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1879, hukumbukwa kama mahali ambapo watu waliketi wakazisikiliza nafsi zao, na sifa hiyo inampunja. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa vipimo: mwanga unawaka, mhusika anabonyeza kitufe, kronoskopu inasoma muda kwa sehemu za elfu za sekunde. Kujichungua nafsi alikuruhusu kwa masharti. Kichocheo kiwe kile kile, kirudiwe, na anayetoa maelezo awe amezoeshwa. Mambo mazito kama lugha na desturi aliona hayapimiki maabarani. Ni wanafunzi wake waliouruka ua huo. Titchener, aliyehamia Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1892, alitaka kuichambua fahamu hadi chembe zake za mwisho. Oswald Külpe na wenzake kule Würzburg wakaanza kuwauliza watu ni nini hupita kichwani wanapofikiri. Wa Würzburg waliripoti kwamba zipo fikra zisizobeba picha wala hisi yoyote. Wa Cornell nao wakachungua, wakajibu kwamba picha na hisi hazikosekani, ila wenzao hawakuangalia vizuri. Nani awaamue? Kila upande ulikuwa na mashahidi waliofunzwa na upande huo huo, na hakuna mtu wa tatu awezaye kuchungulia kichwa cha mwenzake akarudi na hukumu. Ugomvi huo haukumalizwa. Watu waliuchoka tu.

Je, kosa lilikuwa basi kumwacha mtu ajichunguze mwenyewe? Wengi huhitimisha hivyo, lakini Hermann Ebbinghaus anawapa tabu. Kitabu chake cha mwaka 1885 kuhusu kumbukumbu kilitokana na majaribio juu ya mtu mmoja tu, yaani yeye. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, akazipanga katika orodha, akazikariri hadi azitaje bila kukwama, akaziacha, kisha akazikariri upya na kupima ni kazi kiasi gani ameiokoa safari ya pili. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58 hivi. Baada ya siku moja, 34. Baada ya mwezi, 21. Kwa kanuni za leo, sampuli ya mtu mmoja ni kichekesho. Hata hivyo, mwaka 2015 Jaap Murre na Joeri Dros wa Amsterdam walichapisha marudio ya jaribio hilo, na grafu yao ikafanana sana na ya kwake. Ebbinghaus hakujiuliza kusahau kunahisije. Aliacha hesabu ambayo mgeni, miaka 130 baadaye, angeweza kuikuta si sahihi.

Ila hesabu peke yake haitoshi, na aliyetoa somo hilo ni farasi. Jijini Berlin, mwalimu mstaafu wa hisabati aitwaye Wilhelm von Osten alimfundisha farasi wake, Hans, kujibu maswali ya kujumlisha na kutoa kwa kugonga kwato. Mwaka 1904 tume iliyoongozwa na Carl Stumpf ilimkagua, ikasema hakuna ulaghai. Ilisema kweli: mzee hakuwa tapeli. Kisha Oskar Pfungst, msaidizi wa Stumpf, akafanya jambo ambalo tume haikulifanya kwa utaratibu: akabadilisha kitu kimoja kimoja. Farasi akizuiwa asimwone muulizaji, majibu yaliharibika. Muulizaji asipolijua jibu, yaliharibika vilevile. Hans hakuwa anajua hesabu. Alikuwa anajua watu: muulizaji aliinamisha kichwa kidogo akisubiri pigo la kwanza, na idadi ilipotimia alikiinua, kiasi cha kuonekana kwa shida, bila yeye mwenyewe kujua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1907. Nionavyo mimi, farasi huyu ameifaa saikolojia kuliko nadharia nyingi zenye majina makubwa.

Watson, katika makala yake ya mwaka 1913, alitaka fahamu iwekwe kando na tabia pekee ichunguzwe. Alilipatia jibu la ugomvi wa Cornell na Würzburg, akadhani amekingwa na kila kosa. Mwaka 1920 yeye na Rosalie Rayner walichapisha jaribio la kumtia mtoto mchanga hofu ya panya mweupe. Mtoto alikuwa mmoja, na waliopima kama ameogopa ni hao hao waliotarajia aogope. Tabia ilionekana kwa macho, ndiyo, lakini macho yalikuwa ya muulizaji anayelijua jibu.

Mtu atapinga kwamba binadamu si farasi, na kwamba huzuni au maumivu hayajulikani bila kumuuliza mwenye nayo. Ni kweli, na hapo Watson alipitiliza. Aulizwe. Lakini mdodosaji anayetikisa kichwa kwa kuridhika kila anapopata jibu alilolitaka ni von Osten mwingine mwenye karatasi mkononi. Ndiyo maana katika majaribio mengi ya dawa, mgonjwa na mhudumu wote hufichwa nani kapewa dawa yenyewe na nani kapewa kidonge kisicho na kitu. Wapo wanaoudhika, wakiona utaratibu huo unawatuhumu watafiti kwa udanganyifu. Pfungst mwenyewe, baada ya kuzigundua ishara zile na kuzijua moja baada ya nyingine, alijaribu kujizuia asimpe Hans dalili yoyote. Alishindwa.