Kibali cha Kuchoma Makala Katika Misitu ya Tenke

Usiku wa Juni na Julai katika nyanda za juu za Lualaba, Kongo, huwa wa baridi, na huko Tenke, mji mdogo ambapo reli itokayo Lubumbashi hugawanyika, njia moja ikielekea Kamina na nyingine Kolwezi, nyumba nyingi hupika na kuota moto wa makala katika mbabula, yaani jiko dogo la bati. Anayetaka kujua kibali kinachohusu joto la nyumbani vijijini humo, basi, hana budi kukitafuta katika sheria ya misitu.

Sheria hiyo, ya tarehe 29 Agosti 2002, inatambua haki za matumizi, maana yake ni kwamba wenyeji huchukua msituni kile wanachokihitaji majumbani mwao bila kuomba karatasi. Lakini inakataza mazao yaliyopatikana kwa haki hizo kuuzwa, isipokuwa matunda na mazao machache ambayo orodha yake hutolewa na gavana wa mkoa. Gunia likishatengwa kwa ajili ya soko la Fungurume au Kolwezi, mchomaji ameingia katika biashara, naye hudaiwa kibali cha kukata kuni na kuchoma makala, ambacho ni tofauti na kile cha kupasua mbao. Kitabuni mpaka huo ni wazi. Kijijini, ambako tanuri moja hutoa makala ya jikoni na ya karo ya shule, ni vigumu kuuona.

Tanuri lenyewe hujengwa kwa kupanga magogo ya mutondo na miti mingine ya miombo, kuyafunika kwa nyasi kisha udongo, na kuacha matundu machache, kwa kuwa hewa ikizidi mti huishia kuwa majivu. Moshi mzito mweupe wa mwanzo ni unyevu unaotoka. Ukiwa mwembamba wa samawati, mchomaji huziba matundu. Kilo 100 za mti mkavu huzaa takriban kilo 10 hadi 20 za makala, ikitegemea ukavu wa magogo na uangalizi wa moto, hivyo mchomaji stadi hupata magunia yale yale kwa nusu ya miti, jambo ambalo gunia likishafika barabarani haliwezi kulionyesha.

Ndiyo maana risiti ya ushuru unaotozwa kwenye kizuizi cha barabarani, ambayo wengi huichukua kuwa kibali, haitoshi: inathibitisha kwamba mzigo umelipiwa, wala haisemi miti ilikatwa wapi. Ukaguzi wa kizuizini humbana mwenye baiskeli anayebeba magunia, ilhali kinachostahili kukaguliwa ni kisiki, kwani miti ya miombo huchipua tena visikini ikiepushwa na moto na jembe.

Tenke ina ugumu wa ziada. Sheria za Kongo hutenganisha haki juu ya ardhi na haki juu ya madini yaliyo chini yake, na ile ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, humruhusu mwenye hati ya uchimbaji kutumia maji na miti ya eneo lake kwa mahitaji ya mgodi. Kandokando ya mgodi wa Tenke Fungurume, unaomilikiwa na CMOC ya China kwa asilimia 80 na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwa 20, hekta moja yaweza kudaiwa na ukoo, na mwenye kibali cha makala na mwenye hati ya madini.

Njia iliyo imara zaidi ya kuchoma kihalali, ingawa ni ndefu, ni msitu wa jamii: amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa bure, kwa muda usio na kikomo, msitu usiozidi hekta 50,000, ambamo mpango wa jamii yenyewe hupanga matumizi ya kila sehemu. Ombi huambatana na ramani, na kwa jamii iliyo jirani na Tenke kazi ya kwanza ya mchoraji ni kuuliza hati za madini zinaishia wapi.