Betri ya taa ya baiskeli na mtoto aliye nyumbani

Mkoani Singida baiskeli ingali chombo cha watu wengi: hubeba alizeti kwenda mnadani, maji kutoka kisimani, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezitembelea kaya. Usiku, mwendeshaji asiye na taa huonekana na dereva wa lori wakati breki haifai tena. Taa, basi, ni jambo la afya. Kinachosahaulika ni kile kinachoiwasha.

Taa ndogo za bei nafuu, zile zinazofungwa kwa mpira chini ya kiti, mara nyingi hutumia betri bapa za duara ambazo wengi huziita betri za saa. Mojawapo iliyoenea ina kipenyo cha milimita 20 na volti 3. Ndiyo tunayoihofia kuliko zote, si kwa ajili ya mwendeshaji bali kwa mwanawe. Mtoto akiimeza ikanasa katika umio, unyevu wa mwili huukamilisha mkondo wa umeme, na upande hasi huzalisha alkali kali, jamii ya magadi, inayounguza nyama. Haihitaji kupasuka wala kuvuja. Majeraha makubwa yaweza kutokea ndani ya saa 2, na betri iliyoshindwa kuwasha taa bado yaweza kuunguza.

Mtoto huyo akimbizwe hospitali yenye eksirei, wala asitapishwe. Hapa asali, ambayo Manyoni na Itigi wanaifahamu vyema, ina kazi yake: aliyetimiza mwaka 1, anayeweza kumeza, na ambaye hazijapita saa 12, apewe vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6, safari ikiendelea. Asali hupunguza ukali wa alkali; haiondoi betri. Aliye chini ya mwaka asipewe, kwa hofu ya botulizimu. Nawe usomaye picha, usiharakishe kusema ni sarafu: tazama ukingo, kwani betri mara nyingi huonesha duara mbili, moja ndani ya nyingine.

Kwa sababu hiyo, ukinunua taa ya namna hii, chagua ambayo kifuniko chake hufungwa kwa skrubu. Afadhali zaidi ni taa itumiayo betri za tochi zinazochajika za nikeli, volti 1.2 kila moja. Dinamo ya volti 6 nayo haihitaji betri kabisa, ingawa huteleza tairi likilowa.

Anayetaka mwanga mkali na kuchaji simu atafikia lithiamu. Ile ya mviringo yenye milimita 18 kwa 65 kwa kawaida haibebi zaidi ya takriban milliampea-saa 3,600. Iliyoandikwa 9,900 inadanganya, na anayedanganya kuhusu ujazo huenda hakujali kinga ya ndani. Lithiamu ya fosfeti ya chuma hustahimili joto zaidi, lakini chaji yake hukomea volti 3.65, hivyo chaja ya volti 4.2 haiifai. Chaji juu ya saruji, mbali na godoro, ukiwa macho. Iliyovimba isichajiwe tena. Ikiwaka, toka nje: moshi wake hudhuru mapafu. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno.

Betri bapa zilizokwisha zifungwe kwa utepe wa gundi pande zote mbili, ziwekwe juu pasipofikiwa na mtoto, wala zisitupwe motoni.